Gari Lililokufa Kila Usiku
Safari ya Nyunzu

Ye yote atokaye Kalemie kwenda magharibi hana budi kufuatana na maji. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, lakini mto utokao ni mmoja tu, nao ni Lukuga. Huo hutoka pale pale Kalemie, hupasua vilima, huelekea magharibi, na mwisho humwagika katika Lualaba, yaani mto mkubwa wa Kongo. Tone la maji lililoogelewa na mtoto wa Kigoma laweza siku moja kufika bahari ya Atlantiki kwa njia hiyo.

Lakini jambo hilo halikujulikana upesi. Wasafiri wa zamani walisumbuka sana kwa swali moja: maji ya ziwa hili huenda wapi? Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda pamoja mpaka mto Rusizi, upande wa kaskazini, wakaona ya kuwa mto huo huingia ziwani wala hautoki. Mlango ule, basi, ukafutwa katika hesabu. Mwaka 1874 Cameron akaiona Lukuga, akasema mlango ndio huu. Mwaka 1876 Stanley akapita tena, akakuta matete na matope, na maji yamelala. Kisha ziwa likajaa, likalivunja boma lile la matope, na mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari Mwingereza, aliona kwa macho yake maji yakitoka kwa nguvu. Ndipo maneno yalipokwisha.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu huko Nyunzu nilikokwenda nilikuta swali la namna ile ile, ijapokuwa lilikuwa dogo kiasi cha kuingia ndani ya boneti ya gari. Kitu fulani kilikuwa kikivuja kila usiku, na watu walikuwa wamekwisha kumtaja mwenye kosa kabla ya kuutafuta mlango wenyewe.

NJIA YA KWENDA NYUNZU

Nyunzu na Kalemie ziko karibu katika mstari mmoja, nyuzi sita kusini ya Ikweta. Ndege akiruka moja kwa moja husafiri kama kilomita 130. Mtu mwenye gari hana mabawa, naye huzidisha. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, nayo hupita Nyunzu. Mji wenyewe umejipanga kando ya reli hiyo kama vifaranga kando ya mama yao. Lakini garimoshi halina siku ya hakika, kwa hiyo sisi tulikwenda kwa njia ya gari. Tulikuwa wawili: mimi, na fundi mmoja mzee wa Kalemie, mtu wa maneno machache, mwenye sanduku la spana alilolipakata magotini kama mama ampakatavyo mtoto.

Tulipita Niemba. Huko, tarehe 8 Novemba 1960, askari tisa wa Ireland waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa karibu na daraja. Fundi alivua kofia, nami nikavua yangu. Kisha tukaendelea katika vumbi jekundu, kwa maana ulikuwa mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, ambapo mtu huona baridi alfajiri na mchana hukausha koo.

Tulifika jioni. Moshi wa majiko ulikuwa umelala juu ya mapaa ya nyasi na ya mabati. Tulikaribishwa kwa bukari ya muhogo, sombe iliyoungwa kwa mawese, na dagaa wa ziwani waliokwisha kusafiri kama sisi. Giza lilipoingia, likaingia kweli kweli. Hapa na pale tu palionekana taa ndogo ya jua, na mbele ya nyumba moja redio ikinong'ona.

GARI NA SHTAKA LAKE

Gari tulilokwenda kulitazama lilikuwa pikapu ya dizeli, yenye umri kuupita wa dereva wake. Kazi yake ni kubeba dawa na wagonjwa kutoka vijijini. Tangu mwisho wa masika lilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Mchana lilitembea vizuri. Usiku lilizimwa, likafungwa milango, na asubuhi lilikuwa maiti. Ukigeuza ufunguo, husikia “tik”, basi. Walikuwa wamenunua betri nyingine kwa shida kubwa. Nayo, baada ya majuma machache, ikawa vile vile.

Mzee aliyelisimamia gari alitueleza habari hizi akiwa ameinama. Kisha akanyamaza kidogo, akatuambia lililomkaa moyoni. Usiku mmoja watu walikuja mbio kumwitia mama aliyekuwa akijifungua katika kijiji cha mbali. Gari likakataa. Watu wakalisukuma mpaka jasho likawatoka, wapi. Mwishowe mama akabebwa kwa machela, zamu kwa zamu, mpaka jua lilipopanda. Mama alipona. Mtoto hakupona.

“Na tunamjua aliyefanya hayo,” akasema.

Aliyetajwa alikuwa mlinzi wa usiku, kijana wa watu wa Batwa, ambao wengine huwaita Bambote. Watu walisema ya kwamba usiku, wengine wakilala, yeye hufungua boneti na kuuza umeme wa betri kwa wenye simu. Je, alionekana? La. Je, simu ilipatikana? La. Lakini kila mtu alikuwa amesikia kwa mwenziwe.

Wasomaji hawana budi kujua jambo hili linavyochoma katika nchi ile. Tangu mwaka 2013 mapigano kati ya Batwa na Baluba yaliharibu vijiji vingi vya Tanganyika. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya Batwa waliokimbia vita, karibu na Nyunzu, ilishambuliwa, wakafa watu wasiopungua 30. Kambi hiyo iliitwa Vumilia. Palipopita mambo ya namna hiyo, neno moja la “mwizi” si neno dogo. Mtu akimwita jirani yake hivyo, wengi husikia zaidi ya alilolisema.

Kijana alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mzee Fundi akamwuliza, “Mwanangu, unasema nini?”

“Baba, sikugusa,” akajibu. “Lakini kile chuma hakilali.”

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, wala hakuuliza zaidi. Akasema tu, “Tutapima.”

USIKU WA KWANZA NA WA PILI

Ukiona mtungi hauna maji asubuhi, kuna mambo mawili: ama mtungi wenyewe umepasuka, ama kuna anayekunywa. Kwanza, basi, ujue ni lipi kati ya hayo mawili. Fundi aliijaza betri kwa mtambo wa jua mchana kutwa, jioni akalegeza kibano cha waya wa upande wa kutoa, ule wenye alama ya (–), akautenga kabisa. Betri ikalala peke yake ndani ya gari, haikushikwa na kitu cho chote. Alfajiri akaweka mita: volti 12.5. Betri nzima ya volti 12, iliyojaa na kupumzika, huonyesha 12.6 hivi, ikishuka mpaka karibu na 12 imekwisha kuwa hafifu sana. Waya ukarudishwa, ufunguo ukageuzwa, na gari likawaka mara moja. Mtungi, basi, haukupasuka. Kuna mnywaji.

“Si ndiyo!” wakasema watu. “Leo ameogopa kwa sababu ninyi mpo.”

Fundi akakubali ya kuwa neno hilo lina haki yake. Usiku wa pili akataka mambo mawili. Waya usitengwe, gari lilale kama siku zote. Na kijana asilinde. Aende kulala kwao, na mzee mwenyewe, mshitaki, alale karibu na gari. Mzee akakubali. Akaleta mkeka na blanketi, akawasha moto, akakaa. Nilimwona usiku wa manane, macho wazi, akilitazama lile gari kana kwamba lingesema.

Hakuna aliyekuja. Kulipokucha mzee mwenyewe akageuza ufunguo. “Tik.” Mita ikaonyesha volti 11.6. Mzee akaushika usukani kwa mikono miwili, asiseme neno kwa muda mrefu.

KUUTAFUTA MLANGO

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, nami nitaieleza polepole, kwa sababu wanafunzi wataipenda, na wenye magari ya zamani wataihitaji.

Umeme hutembea kwa kuzunguka. Hutoka upande wa kujumlisha wa betri, hufanya kazi yake, hurudi upande wa kutoa. Ukikata njia mahali pamoja na kuweka mita katikati, umeme wote unaotumika hauna budi kupita ndani ya mita, kama watu wapitavyo katika mlango mmoja wa uwanja, ukawahesabu. Fundi alizima kila kitu, akatoa ufunguo, akafunga milango ili taa ya ndani isiwake. Akaondoa waya wa upande wa kutoa, akaiweka mita kati ya waya ule na kichwa cha betri, akiisha kuichomeka katika tundu lake la ampea 10. Akatuonya: mita ikiwa hapo, mtu asigeuze ufunguo wa kuwasha injini hata kidogo, kwa maana starta huvuta ampea mamia, na mita itaungua.

Gari la kale lililolala halitakiwi kunywa zaidi ya ampea 0.05, labda kwa ajili ya saa au redio. Mita ilisoma 2.5.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitazama akaambiwa apige hesabu. Ampea mbili na nusu, kwa saa 12 za usiku, ni ngapi? Akajibu, “Thelathini.” Betri ile ilikuwa ya saa-ampea 70 ilipokuwa mpya, baada ya kuchoka, na bila kujazwa vizuri, haikuwa hata na nusu ya kupoteza. Na injini ya dizeli, katika baridi ya asubuhi, hutaka nguvu nyingi ili igeuke. Mwizi hakuwa mkubwa. Lakini alikuwa hachoki.

Kisha fyuzi. Kila fyuzi ni mlango wa chumba kimoja: taa za mbele, honi, redio, feni. Fundi alizichomoa moja moja, mimi nikisoma mita. Ukichomoa fyuzi na mita ikaanguka, umekijua chumba. Taa: 2.5. Honi: 2.5. Redio: ikashuka kidogo sana, kiasi cha saa yake tu. Akaendelea mpaka kisanduku kikabaki kitupu, na mita bado inasoma karibu ile ile. Wengine wakaanza kukata tamaa. Fundi akasema ya kuwa hizo ni habari njema: vyumba vyote vimefutwa katika hesabu, na vilivyobaki ni vichache. Kuna waya mnene wa starta, na waya mnene wa alternata, ile mashine izungushwayo na mkanda wa injini ili kuijaza betri. Hizo hazikupita katika kisanduku kile.

Ndipo akamgeukia kijana, aliyekuwa amerudi na kusimama nyuma ya watu. “Mwanangu, ulisema kuna chuma kisicholala. Kipi?”

Kijana akaja, akanyosha kidole bila kugusa. Kila alfajiri, akasema, yeye hupewa kazi ya kufungua boneti na kutazama maji. Injini huwa baridi kama jiwe la mtoni. Lakini chuma kile, pale kwenye mkanda, huwa na joto, kama jiko lililozimwa jana. Alikuwa ameusema huo mambo mara mbili. Aliambiwa ni hila ya mtu aliyeiba.

Chuma alichokionyesha kilikuwa alternata. Fundi akaweka kiganja chake juu yake, kisha juu ya injini, kisha tena juu ya alternata. Akamwita mzee, akamshika mkono, akauweka pale pale. Kulikuwa na joto, wala injini haikuwashwa tangu jana mchana.

Akatoa bisibisi, akaisogeza nyuma ya ile mashine. Ikavutwa, ikanata. Watoto wakapiga kelele. Ndani ya alternata mna koili inayogeuka kuwa sumaku inapopewa umeme. Gari likilala, koili hiyo haipaswi kupewa cho chote. Hii ilikuwa ikipewa usiku kucha.

Mwisho akaondoa waya wa betri kwanza, akafungua nati ya waya mnene wa alternata, akaufunika mwisho wake kwa mpira wa tairi ya baiskeli, akarudisha mita. Ikasoma 0.02. Hapakuwa na haja ya kusema neno.

MGONO ULIOTOBOKA

Ndani ya alternata mna vitu vidogo viitwavyo diodi. Ni milango ya upande mmoja: umeme huruhusiwa kutoka katika mashine kwenda kwenye betri, wala hauruhusiwi kurudi. Watu wa Lukuga huufahamu mgono wa samaki. Samaki huingia kwa shingo nyembamba, na vijiti vilivyochongoka humzuia asitoke. Vijiti vikivunjika, aliyeingia hutoka, na asubuhi mvuvi hukuta mgono mtupu. Diodi moja ilikuwa imevunjika namna hiyo. Umeme wa betri ulirudi ndani ya mashine, ukaipitia koili, ukaifanya sumaku na joto usiku kucha. Mchana nao mashine ilijaza betri kwa unyonge. Hasara mbili kwa kosa moja.

Tena kulikuwa na jambo lililotutia haya sisi wote. Katika gari lile mna taa ndogo nyekundu ya chaji, nayo ingeweza kuwaka kwa unyonge hata ufunguo ukiwa umetolewa, na kuwaambia watu mapema. Lakini balbu yake ilikuwa imekufa zamani. Hakuna aliyejali kuibadilisha. Shahidi mmoja alikuwa amekufa, na wa pili alichekwa.

SPANA NAMBA KUMI

Diodi za namna ile hazikupatikana Nyunzu. Fundi aliufunga tena waya wa alternata ili gari lipate chaji yake hafifu mchana, akaagiza kwamba kila usiku, gari likisimama, kibano cha upande wa kutoa kilegezwe na kutengwa, na kurudishwa linapohitajiwa. Ni kazi ya nusu dakika kwa spana namba kumi. Lakini nani ataifanya, kila usiku, bila kusahau?

Mzee aliichukua ile spana mkononi mwa fundi. Akaenda mpaka kwa kijana, mbele ya watu wale wale waliocheka. Alisema kwa sauti isiyokuwa kubwa, “Mwanangu, nilikusema vibaya. Nilikusema hata kwa habari ya yule mtoto. Nisamehe.”

Kijana hakujibu upesi. Niliona ya kuwa hakuwa tayari, wala sitasema kwamba alitabasamu. Miezi mitatu ya kuitwa mwizi haifutwi kwa neno moja. Lakini aliinyosha mikono yake miwili, kama ilivyo adabu, akaipokea spana.

Usiku wa nne, kabla ya jogoo wa kwanza, tulisikia hodi. Mtu alikuwa amekuja kwa baiskeli. Mtoto wa kijiji chao ana degedege. Nilitoka na taa. Kijana alikuwa amekwisha kufungua boneti, waya upo mahali pake, nati imekazwa. Dereva akageuza ufunguo. Injini ikaitika. Tulisimama barabarani tukiitazama taa nyekundu ya nyuma mpaka ikamezwa na miti. Mtoto yule alifikishwa hospitali kabla ya jua, nasi tulipoondoka alikuwa akinywa uji.

Fundi alipeleka sahani mpya ya diodi baada ya majuma matatu, kwa lori, pamoja na balbu ndogo ya taa ya chaji. Hiyo balbu, alisema, ndiyo aliyotaka zaidi isisahauliwe.

Nanyi wasomaji mlio na gari, pikipiki, au betri ya jua nyumbani, shikeni haya: jaribuni betri peke yake kwanza, kisha pimeni kinachotoka vitu vyote vikiwa vimezimwa, kisha fungeni milango mmoja mmoja, wala msiruke hata mmoja, na taa ndogo za kuonya msiziache zikafa. Na kabla ya hayo yote, mwulizeni yule anayekesha karibu na kitu chenyewe ameona nini. Msimcheke. Yeye hukijua usiku wake kuliko ninyi mliolala.